Transfoma Ilikuwa Nzima

Transfoma niliyoing'oa kwenye amplifaya ya yule mzee ilikuwa nzima. Nililijua hilo jioni ileile, na bado nikamtoza fedha ya kuibadilisha. Tangu hapo watu wananisifu kuwa fundi wa valvu asiyebahatisha, nami naitikia tu. Leo nasema.

Amplifaya yenyewe ni Fender Deluxe Reverb ya mwaka 1966, ya wati 22 hivi, yenye valvu mbili za 6V6 mwishoni. Mzee alikuwa ameipigia gitaa la solo miaka mingi kwenye bendi za dansi. Aliniletea ikiwa inavuma, sauti imefifia, inakata fyuzi, na valvu moja anodi yake inaiva nyekundu.

Valvu hutoa volti nyingi na mkondo mdogo. Spika ya ohm 8 inataka kinyume chake. Transfoma ya kutolea sauti ndiyo dalali wao: humfanya kila mmoja aamini anazungumza na mwenzake wa saizi yake. Kwenye amplifaya hii, spika ya ohm 8 huonekana na valvu kama ohm 6,600. Katikati ya koili ya kwanza umefungwa waya mwekundu unaoleta volti zaidi ya 400, na ncha zake mbili, buluu na kahawia, kila moja huenda kwenye valvu yake.

Nikachukua mita. Mwekundu hadi buluu nikapata namba moja. Mwekundu hadi kahawia ikazidi kwa kama ohm 20. Nikatangaza pale pale, mzee akinitazama, kwamba koili imeungua kwa ndani.

Haikuungua. Nusu ya koili inayozungushwa kwa nje hupita duara kubwa zaidi. Mizunguko ni ileile, waya ni mrefu zaidi, basi ohm lazima zizidi. Transfoma nyingi za zamani za aina hii husoma hivyo tangu zinatoka kiwandani. Kipimo cha haki ni kutia volti 1 ya umeme wa AC upande wa spika, kisha kupima upande wa pili: karibu volti 29 kwa koili yote, na nusu zake mbili zilingane, 14 na kitu kila moja. Ni kazi ya robo saa. Sikuifanya, na si kwa kutojua. Transfoma ni kazi kubwa yenye malipo makubwa, na nilishatamka mbele ya mteja.

Mpya ikaja. Asubuhi niliing'oa ya zamani, na kijana wa vyuma chakavu alipopita nikampa aondoke nayo. Nikalehemu mpya, nikawasha, ikapiga ukelele wa kutoboa masikio. Hilo halikunitisha: waya wa buluu na wa kahawia ukizipishanisha, sauti inayorudishwa nyuma ili kuituliza amplifaya huigeuka na kuichochea. Nikazibadilisha, ukelele ukaisha. Kisha valvu ileile ikaanza kuiva tena.

Tumbo likanikata. Nikaing'oa valvu na kupima gridi yake, mahali panapotakiwa hasi 35 hivi. Nikakuta hasi kidogo mno. Kapasita ya 0.1 inayopitisha mawimbi ya sauti kwenda kwenye gridi ilikuwa inavuja, inapitisha na umeme wa DC usiotakiwa. Bei yake haifiki soda mbili. Nikaibadilisha, amplifaya ikapona.

Mzee alipoijaribu alifumba macho. "Mwanangu, hiyo transfoma mpya ni kiboko!" Nikamwambia asante, mzee wangu. Nikapokea fedha zote.

Mwaka huu amepata mnunuzi kutoka Ulaya. Mnunuzi aliomba picha ya namba iliyopigwa muhuri kwenye transfoma: 606, alama ya Schumacher wa Chicago aliyewatengenezea Fender, kisha tarakimu ya mwaka na za wiki. Kwenye ile yangu hakuna 606, na bei ikashushwa sana. Mzee akanipigia, akitaka arudishiwe ya zamani hata kama imeungua, aiweke tu kando kama ushahidi.

Ningeweza kusema imepotea. Nilimweleza yote, kijana wa vyuma chakavu pamoja na kapasita. Hakufoka. Aliuliza kapasita iliuzwa bei gani, nikamtajia, akacheka kicheko kisichokuwa na furaha, akasema basi tuhesabiane.

Tumehesabiana. Transfoma ya 1966 yenye 606 ni ghali kuliko nilichomtoza, kwa hiyo namlipa kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi, na anatoa risiti. Fedha ya kapasita ameikataa. Hiyo, anasema, niliitengeneza kweli.