Kibuyu cha baada ya jembe, glasi ya kabla ya chakula

Mgeni anayefika Maguu mwezi Machi hukuta miteremko ya Umatengo imechorwa vimraba kama sega la nyuki. Hizo ni ngoro, kilimo kilichoipa wilaya ya Mbinga jina hata ng'ambo. Nyasi hukatwa, hulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati na kufunika nyasi hizo. Panabaki mashimo, na juu ya matuta yanayoyazunguka hupandwa maharage, halafu mahindi msimu unaofuata. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuondoka na udongo kuelekea bondeni.

Ni kazi nzito. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza nyasi, na wanawake ndio huchimba na kufukia, wakiwa wameinama kutwa nzima kwenye mteremko ambao mtu mwingine angeogopa hata kuupanda. Mtu na mkewe peke yao hawaumalizi kwa wakati. Ndiyo maana kuna ngokela: mwenye shamba huwaita majirani na jamaa, nao huja na majembe yao, na malipo ni pombe.

Pombe hiyo haianzi siku ya kazi. Mama wa nyumba huanza siku kadhaa kabla. Ulezi huloweshwa hadi uchipue, huanikwa, husagwa ukawa kimea, kisha huchanganywa na uji wa mahindi na kuachwa uchachuke. Sehemu nyingi za Ruvuma huiita ugimbi. Ikishaiva haisubiri mtu. Ikipitisha siku yake huharibika. Kwa hiyo siku ya kulima hupangwa kwa kuangalia mtungi, na jirani aliyeahidi kuja hawezi kusema atakuja wiki ijayo.

Hapo pombe ina mahali pake. Huja baada ya jembe, hunywewa na waliolima, na ikiisha imekwisha. Inashibisha pia, kwa maana ni nzito kama uji. Mzee wa Kimatengo akiulizwa kwa nini watu wanakunywa, hatashindwa kujibu: wamelima.

Ufaransa, jibu ni tofauti kabisa. Huko kinywaji kina saa yake, nayo ni ile ya kabla ya chakula cha jioni. Huitwa apéritif, au apéro kwa mkato, neno lililotokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufungua. Kinafungua hamu ya kula, na kinafungua mazungumzo. Mgeni aliyealikwa saa moja jioni hukaribishwa kwa glasi ndogo, zeituni, karanga, labda vipande vya soseji, na maongezi marefu. Mtanzania asiyejua desturi hiyo anaweza kudhani chakula ndicho hicho, akajiuliza watu hawa wanaishije. Meza huandaliwa saa mbili, na pengine saa tatu. Kwao mgeni hunawishwa mikono akawekewa ugali, na maswali hufuata baadaye.

Vinywaji vyenyewe vina historia ambayo mtu wa Ruvuma angeielewa upesi. Mwaka 1846 Joseph Dubonnet alitengeneza mvinyo uliotiwa kwinini. Kwinini ni chungu, na askari wa Kifaransa waliokuwa Afrika Kaskazini walihitaji kuinywa kwa sababu ya malaria. Ndani ya mvinyo mtamu iliteremka vizuri zaidi. Mzazi wa Mbamba Bay au Liuli, aliyewahi kumbana mtoto pua ili ameze dawa, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Kisha kuna kir, mvinyo mweupe uliochanganywa na kileo kitamu cha tunda jeusi linaloitwa cassis. Jina lilitoka kwa padri Mkatoliki, Félix Kir, aliyekuwa meya wa mji wa Dijon kuanzia 1945 hadi alipofariki mwaka 1968, na ambaye alipenda kuwakaribisha wageni wa mji kwa kinywaji hicho. Kuna pia pastis ya huko Marseille, ambayo Paul Ricard aliianza mwaka 1932. Ikitiwa maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Ilikuja kuziba pengo la absinthe, kileo kikali ambacho Ufaransa ilikipiga marufuku mwaka 1915. Hata Konyagi inayouzwa madukani Mbinga ina jina lililosafiri kutoka Cognac, mji wa Ufaransa, ingawa kilichomo ndani ya chupa ni kitu kingine.

Watu wengi huishia hapo na kusema Wafaransa ndio wanaojua kunywa: kidogo kidogo, wamekaa, na watoto wakiona. Wapo wazazi Dar es Salaam na Nairobi wanaotumia maneno hayo kujitetea wanapompa mtoto tone moja kwenye sherehe, ati azoee mapema. Wangefanya vizuri kujua kilichotokea Ufaransa kwenyewe.

Katikati ya karne iliyopita, mvinyo ulikuwa ukiingia katika chakula cha mchana cha watoto wa shule za Ufaransa. Waziri mkuu Pierre Mendès France aliona hatari hiyo, na mwaka 1954 akawa anahimiza watoto wapewe maziwa, watu walimcheka. Mwaka 1956 serikali ilikataza vileo katika mabwalo ya shule kwa watoto walio chini ya miaka 14. Wakubwa wa sekondari walisubiri hadi 1981. Mwaka 1991 ilikuja sheria iitwayo Évin, iliyobana matangazo ya pombe, na mwaka 2009 ikakatazwa kumuuzia kileo yeyote aliye chini ya miaka 18. Nchi inayosifiwa kwa kufundisha watoto kunywa ilitumia zaidi ya miaka 50 kuwaondolea watoto glasi mkononi.

Maguu imepita njia nyingine. Kahawa aina ya arabika ilipoanza kupandwa Umatengo, katika miaka ya 1920, ilileta fedha taslimu. Fedha hiyo haiji kila mwezi. Huja kwa mkupuo baada ya mavuno ya kiangazi, ikamkuta baba ambaye ameishi kwa deni kwa miezi mingi. Pombe nayo ikaacha kuwa ya ngokela peke yake. Ikawa ya kuuzwa kilabuni, kila siku, kwa aliyelima na kwa ambaye hakushika jembe.

Hapa ndipo panapouma, kwa sababu anayeipika mara nyingi ni mama, na anaipika kwa ajili ya watoto. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia 2016, lakini sare, madaftari, viatu na mchango wa chakula bado vinadai. Mama asiyekuwa na jina kwenye hati ya kahawa ana mtungi. Fedha ya kahawa iliyokuwa mfukoni mwa baba wa jirani hugeuka daftari la mtoto wake, na nyumbani kwa jirani huyo kuna mtoto mwingine anayengoja daftari lake. Ni rahisi kumlaumu mpishi. Ni vigumu kumwonyesha kitu kingine kinacholipa ndani ya wiki moja.

Na mtoto yumo ndani ya kazi hiyo. Anateka maji, anachochea kuni, anachuja, anatumwa na kopo kwa mzee wa nyumba ya pili: "Shikamoo babu, mama amesema hii ni ya mia tano." Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto kileo, na mtoto kwa sheria hiyo ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kumtuma akanunue au akapeleke kumeonekana kuwa jambo la kawaida mno hata watu hawalihesabu.

Wamatengo walikuwa na kitu kinachofanana na meza ya Mfaransa, nacho kiliitwa sengu. Watu wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, na mambo ya nyumba, mashamba na ugomvi yakaongelewa hapo hapo. Vijana walikaa na kusikiliza. Aliyelewa akatukana jana yake aliambiwa mbele ya watoto. Siku hizi kila nyumba inakula kivyake, na kijana anayetaka kujua wanaume wanazungumza nini huenda kuchungulia kilabuni, ambako hakuna wa kumkemea mtu mzima.

Ukishuka milima kuelekea Ziwa Nyasa, saa nazo zinabadilika. Mvuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa na kumaliza kazi wakati mkulima wa Maguu anatafuta jembe. Mtu wa milimani akimwona anakunywa saa tatu asubuhi atamwita mlevi, wakati kwa mvuvi hiyo ndiyo jioni yake. Wanawe, hata hivyo, wanaona baba akinywa wao wanapokwenda shule, na saa ya mtoto haibadiliki kwa sababu ya dagaa.

Si kila kinywaji kinabishaniwa. Viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki iliyokuwa ikiingia hadi kwenye mifuko ya sare za wanafunzi, vilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Machi 2017, na wazazi wachache walivililia. Gongo imekatazwa tangu zamani. Sheria ya 1966 inaiita moshi. Kuhusu ile glasi ndogo ya Kifaransa, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Kauli hiyo inaigusa glasi ya zeituni sawasawa na kibuyu cha ngokela, na kwa mama mjamzito hakuna cha kujadili.

Majirani wanaoacha pombe kwa sababu ya dini, Waislamu na walokole miongoni mwao, nao wana mashamba ya kulimwa. Wanaweza kuita watu kwa chakula cha nguvu na togwa, ile ya mahindi na kimea cha ulezi, ambayo ndiyo watoto hunywa hata kwenye nyumba yenye mtungi. Togwa ya siku ya kwanza ni tamu na inatia nguvu. Ikikaa siku tatu kwenye joto inakuwa imekwisha kuchacha na kuanza kuelekea kwenye pombe, kwa hiyo anayemmiminia mtoto kikombe huionja kwanza yeye.