Upendo Unaosubiri Kamba

Katika usharika wetu tuko wanne tunaovaa sare ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wanaume watatu na dada mmoja, na mafunzo ya awali tuliyapata katika kundi moja. Wazee wa kanisa walipotuomba tuandike juu ya imani na kazi yetu tulikubaliana kuandika pamoja. Kazi yenyewe haifanywi na mtu mmoja, na mengi tuliyojifunza hatukuyajifunza kila mtu peke yake.

Baada ya ibada huwa tunaulizwa maswali mawili. La kwanza ni hili: "Mbona gari lenu huja bila maji?" Anayeuliza hucheka kidogo, nasi tumezoea. Jibu lake ni hesabu ya shule ya msingi. Gari lenye lita 5,000, likitumia mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika, linakauka baada ya dakika 10. Mipira miwili, dakika 5. Mtu anayefika dakika ya 6 anatukuta tumeshika mpira mtupu, gari limekwenda kujaza, naye anaondoka akisimulia kwamba tulikuja hivyo. Na zile koki za maji ya zimamoto kando ya barabara, nyingi zimefunikwa na kokoto, meza za biashara na magari yaliyoegeshwa. Basi hilo tuliache.

Swali la pili ndilo lililotufanya tukubali kuandika. "Hamwogopi?" Wengine hata hawasubiri jibu, hujijibu wenyewe: "Lakini ninyi mna Mungu." Tunajua wanatutakia mema. Ila chuoni kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kuogopa, kuogopa kwa mpangilio, na ilituchukua muda kuona kwamba hofu ile haikuwa adui wa imani tuliyotoka nayo nyumbani.

Kuruta wa zimamoto haanzi na moto. Anaanza na kwata, jua la saa saba, mbio za alfajiri na kutandika kitanda mpaka shuka lisiwe na mkunjo. Tulinung'unika kama wengine wote. Ndipo likaja darasa. Tulifundishwa kwamba moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa ya oksijeni na joto, na ukiendelea kusoma unaambiwa kuna cha nne, ule mnyororo wa kikemia unaoufanya ujiendeleze wenyewe. Ondoa kimoja, moto unakufa. Tulipangiwa aina za moto: wa mbao, nguo na karatasi, wa mafuta ya vyombo, wa gesi, wa metali, wa mafuta ya kupikia, kila mmoja na dawa yake. Maji, ambayo kila mtu anadhani ndiyo jibu, yakimwagwa kwenye karai la mafuta yanayowaka hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huchukua nafasi kama mara 1,700 ya maji yenyewe. Mafuta yanaruka hadi darini. Tuliwahi kuona kina mama waliojimwagia moto hivyo, wakiwa na nia njema ya kuokoa jiko.

Mtungi wa gesi nao ulitushangaza. Ukikuta gesi inawaka mdomoni mwa mtungi, usikimbilie kuuzima ule mwali kabla hujaweza kufunga gesi. Gesi ikiendelea kutoka bila kuwaka itatambaa chini sakafuni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ijae chumba, kisha itafute cheche. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Kwa hiyo afande, niuangalie tu unawaka?" Mkufunzi akasema ndiyo, uangalie, upoze vilivyo jirani kwa maji, utafute namna ya kuifikia koki. Darasa zima lilicheka. Hatukujua bado kwamba kuangalia nako ni kazi.

Baadaye tuliingizwa kwenye chumba cha moshi. Unavaa mtungi wa hewa mgongoni (ni hewa hii hii ya kawaida iliyoshindiliwa, si oksijeni tupu kama watu wanavyodhani), unafunga barakoa, na kabla ya kuingia unatoa kibati chenye jina lako na kiasi cha hewa ulichonacho. Mwenzako anayebaki mlangoni anakibandika kwenye ubao na kuandika saa uliyoingia. Kazi yake ni hiyo tu: kukupigia hesabu. Mtungi unampa mtu anayefanya kazi nzito kama nusu saa hivi, na mwenye woga anaumaliza mapema zaidi kwa sababu anahema ovyo. Hewa ikikaribia kwisha, kipenga kinalia chenyewe begani. Lakini kanuni ni kwamba uwe umeshatoka kabla ya kipenga.

Ndani huoni hata kiganja chako. Unatambaa, kwa kuwa hewa ya chini ina nafuu ya joto. Mkono mmoja hauachi ukuta. Ukiingia na ukuta wa kushoto, unatoka na ukuta ule ule. Mlango unaugusa kwa mgongo wa mkono, ili ukiwa wa moto au una umeme usije ukaung'ang'ania. Mguu unatangulia kupapasa kabla hujaupa uzito. Na humwachi mwenzako. Mkiingia wawili mnatoka wawili, hata kama mmoja wenu ndiye tu mwenye tatizo.

Huko ndiko tulikoomba maombi mafupi kuliko yote maishani mwetu. Mtu mwenye barakoa hana pumzi ya maneno mengi. Tulipotoka, tumelowa jasho, dada yetu alisema kwamba ndani kilichomtuliza hakikuwa wimbo wala aya yoyote, bali kujua kwamba pale mlangoni kuna mtu anayelijua jina lake na anazihesabu dakika zake. Tulinyamaza wote. Tangu siku hiyo Zaburi ya 139 tunaisoma kwa namna nyingine.

Lakini somo lililotutikisa lilikuwa la kisima.

Wengi hamjui kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu iko katika lile neno la pili, uokoaji. Watu wanatumbukia visimani, mashimo ya vyoo yanadidimia, wachimbaji wanazimia chini. Mkufunzi alisimama mbele ya ubao akatuuliza: kuna mtu kazimia ndani ya kisima, mama yake yuko juu analia, wewe umefika wa kwanza. Unafanya nini? Mmoja wetu akajibu haraka, "Naingia, afande." Mkufunzi akaandika kwenye ubao: wawili. Akauliza, nani mwingine? Mwingine akasema atamfuata mwenzake. Akaandika: watatu. Akaendelea hivyo mpaka watano, kisha akaweka chaki chini.

Akatueleza. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Chini ya kisima inaweza kupungua sana, kwa sababu gesi nzito hukaa chini, au udongo na vitu vinavyooza vimeila, au mtu ameteremsha pampu ya petroli ili akaushe maji, na pampu imejaza humo moshi wenye sumu isiyo na harufu. Oksijeni ikishuka sana, mtu anavuta pumzi chache tu, anaanguka bila kupiga kelele. Aliye juu anadhani ameteleza, anashuka kumsaidia. Na ile desturi ya kuteremsha taa au mshumaa kwanza? Taa ikizimika umeonywa. Ikibaki inawaka hujahakikishiwa chochote, maana ile sumu ya pampu inaweza kumuua mtu huku taa inawaka. Ndugu anamfuata ndugu, jirani anamfuata ndugu, na mwisho wa siku wanatolewa watatu au wanne, ambao pengine mmoja tu ndiye angekufa.

Kanuni ikawa: hakuna kushuka bila kupima hewa, bila mtungi, bila kamba inayoshikwa juu na watu wanaojua wanachofanya. Hata kama mama analia. Hata kama watu wanakurushia mawe.

Jumapili ile, katika kikundi chetu cha Biblia chini ya mti, tulibishana hasa. Mmoja wetu alifungua Yohana 15:13, pale Bwana anaposema upendo hauna kipimo kikubwa zaidi ya mtu kutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Akasema waziwazi: kanuni hii na aya hii haziwezi kukaa katika mtu mmoja. Kama nimeokoka, nitasimamaje juu ya kisima nasubiri kamba? Alikuwa anafikiria kuomba kuondoka, na hakuwa anatania. Mwingine alimjibu kwa hasira kwamba asitafute sifa. Hilo halikusaidia.

Aliyetusaidia ni dada yetu, kwa kutukumbusha mlango wa nne wa Mathayo. Ibilisi alimweka Bwana juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, malaika watamdaka, na hata alikuwa na andiko mkononi. Bwana hakujitupa. Tukaanza kufungua kurasa. Nazareti walitaka kumsukuma kwenye ukingo wa kilima, akapita katikati yao akaenda zake. Hekaluni waliokota mawe, akajificha akatoka. Yohana anasema saa yake ilikuwa haijafika. Na ilipofika hakuna aliyemnyang'anya uhai wake. Aliutoa mwenyewe, akijua anakwenda wapi na anamkomboa nani. Basi tuliona kwamba kuutoa uhai na kuutupa ni vitu viwili, ingawa kwa mtu aliyesimama mbali, analia, vinafanana kabisa. Yule ndugu hakusema amekubali. Alisema atamaliza kozi kwanza. Bado tuko naye.

Tungependa kuishia hapo, lakini kazi haikuishia darasani. Miaka kadhaa baada ya kuhitimu tuliitwa kwenye kisima kilichokuwa kikichimbwa uani kwa watu. Fundi alikuwa chini, hajibu. Wawili kati yetu walikuwa zamu. Mdogo wake yule fundi, kijana mwenye nguvu, alikuwa ameshavua shati na kamba ya katani ameifunga kiunoni. Tulimshika. Alitupiga, akatuita waoga, na watu waliokuwa pale walikuwa upande wake. Tulipima hewa, ilikuwa mbaya. Tukasimamisha ile miguu mitatu ya chuma yenye kapi, tukavaa mitungi, tukamkagua anayeshuka mara mbili kama tulivyofundishwa, na muda wote huo, dakika ambazo hatutaki kuzihesabu tena, yule kijana alikuwa analiita jina la kaka yake.

Tulimtoa fundi amekwisha kufa. Hatuwezi kuwaambia kama angepona iwapo tungeshuka mara tu tulipofika; tulichojua wakati ule ni kwamba ile hewa ilikuwa tayari kumchukua wa pili. Mdogo wake yuko hai. Ana mke sasa, na mtoto. Tunakutana naye sokoni na hatusalimii, na sisi hatumlazimishi. Tunamwombea kwa jina kila Alhamisi. Mmoja wetu huomba amsamehe. Mwingine anasema hatuna cha kusamehewa, tuombe apate faraja. Tunaomba yote mawili, Mungu atachagua.

Kuna kitu tunachowadai ninyi, washarika. Nehemia na watu wake walipotishiwa walifanya maombi, kisha wakaweka walinzi usiku na mchana, na hakuna mahali Biblia inaposema kwamba wale walinzi walikuwa upungufu wa imani. Kumbukeni shule ya Kyanguli kule Machakos, Kenya, Machi 2001: wavulana 67 walikufa katika bweni lililowaka usiku, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Sisi tuna kanisa lenye madirisha ya nondo, mikesha ya watu mia kadhaa, na milango iliyokuwa ikifunguka kwa ndani. Umati unaokimbia huukandamiza mlango wa namna hiyo na haufunguki tena. Tulipolisema hili kwenye kikao, mzee mmoja alitujibu kwa upole kwamba nyumba hii inalindwa na damu ya Yesu. Tulimwambia, "Amina, baba, na tunaomba pia fundi wa kuchomelea."

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya mazoezi ya kwaya, tunafundisha. Mtungi mwekundu ulioko ofisini una pini: ivute, elekeza mdomo kwenye shina la moto na si kwenye ndimi zake, bonyeza, fagia huku na huku, na nyuma yako uwe na mlango. Namba ya kupiga ni 114, nayo ni bure; taja mtaa na alama ambayo hata mgeni ataiona, maana "karibu na kwa Mama fulani" haitufikishi. Watoto wa shule ya Jumapili wanalipenda zoezi la kutambaa wakiwa wamefumba macho na mkono mmoja ukutani. Watu wazima wanaona aibu kidogo kutambaa kanisani, ila wanakuja.

Mlango wa kushoto sasa unafunguka kwa nje. Wa kulia unasubiri fedha ya bawaba, na bahasha iko kwa mhasibu.