Mwaka wa Ghati

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipokuwa kijana nilidhani walikuwa wakisema juu ya fedha na mifugo. Mwaka 2004, nilipokuwa nikitayarisha karatasi za kwenda kusoma Uingereza, nilijifunza kwamba hata mtoto huweza kupotea namna hiyo.

Barua ya chuo ilifika mwezi Mei. Nilikuwa nimepata nafasi ya shahada ya uzamili pamoja na mfadhili wa kulipa ada, na masomo yangeanza Septemba. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Viza haiombwi bila pasipoti, pasipoti haitolewi bila cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa mimi sikuwa nacho. Nilizaliwa nyumbani, Mbalibali, mikononi mwa bibi yangu aliyekuwa mkunga wa jadi. Kadi ya kliniki ilikuwepo zamani katika sanduku la mama, lakini mchwa waliisoma kabla yangu.

Hata hivyo, njia ya kuandikishwa ukubwani ilikuwepo. Zilihitajika barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha kumaliza shule ya msingi na kiapo cha mzazi. Baba alikwisha kufariki, kwa hiyo nilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda kumchukua mama.

Cheti changu cha shule kilisema nilizaliwa tarehe 1 Julai 1980. Tarehe hiyo haikutoka kwa mama. Mwaka 1987, siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, tulipanga mstari tukaambiwa tupitishe mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Aliyegusa alipokelewa. Kwa kuwa mtoto wa darasa la kwanza alitakiwa kuwa na miaka saba, mwalimu alituandikia 1980 sote tuliogusa, na mwezi akatupa Julai. Sikulaumu. Alikuwa na watoto wengi na kalamu moja.

Mjini tulimkuta wakili mmoja mzee. Aliandika kiapo, akamsomea mama kwa sauti. Kidole gumba cha mama kilikwisha kupakwa wino.

"Umesema mwaka gani, baba?" mama akauliza.

"Elfu moja mia tisa na themanini, mama."

"Ndio ule tuliopiga kura baada ya vita?"

"Ndio huo."

Mama akarudisha mkono wake. "Basi huyo si huyu. Mwaka huo nilimzaa Ghati."

Nilijua kwamba nilikuwa na mdogo wangu aliyefariki kwa surua kabla hajaanza kutembea. Jina lake nilikuwa nalisikia mara chache sana. Mama akaeleza, si kwangu bali kwa wakili, kwamba Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin, tarehe 2 Novemba 1978, yeye alisikia kwenye redio ya jirani akiwa na mimi tumboni, na hakukaa hata miezi miwili nikazaliwa. Ghati alipozaliwa mimi nilikuwa natembea na kumshika kichwa.

Wakili alieleza kwa upole kwamba kiapo kikipingana na cheti cha shule maswali yatakuwa mengi, na muda ulikuwa mfupi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi naapa nilichokiona," akasema. "Nikisema huyu alizaliwa mwaka ule, Ghati nitakuwa nimemweka wapi?"

Akafuta wino kwa upindo wa kanga. Tulirudi Mbalibali bila kuzungumza.

Msomaji mpendwa, njia ya haki ilikuwepo. Ningeweza kuapa kiapo cha kueleza tofauti ya tarehe zile mbili, nikaomba kumbukumbu za shule zirekebishwe, na nikikawia nimwombe mfadhili anisubiri mwaka mmoja. Sikufanya hivyo. Wiki iliyofuata nilikwenda na baba mdogo, naye akaweka sahihi. Cheti kikatoka, pasipoti ikatoka, na mwezi Agosti nilipeleka ubalozini bahasha yenye karatasi zilizopatana tangu ya kwanza hadi ya mwisho: barua ya chuo, barua ya mfadhili, vyeti vya masomo, taarifa ya benki. Viza nikaipata. Mama alinisindikiza hadi kwenye basi, akanibariki, na habari za karatasi hakuniuliza.

Julai iliyofuata, wanafunzi niliokaa nao nyumba moja kule Uingereza waliiona tarehe yangu mahali fulani, wakaniandalia keki yenye mishumaa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kufanyiwa sherehe ya kuzaliwa. Nilipuliza mishumaa ile nikimfikiria mtoto ambaye hakuna karatasi yoyote duniani iliyopata kumtaja.

Tangu hapo mwaka ule umenifuata kwenye leseni, kwenye bima, na kwenye kitambulisho cha Taifa. Mimi ni mtumishi wa umma, na kwa sheria ya miaka sitini nitastaafu mwaka 2040 badala ya 2038. Mwaka mmoja na nusu nitalipwa mshahara kwa umri wa Ghati. Siwalaumu wanaodai karatasi. Afisa wa nchi ya mbali hawezi kumuuliza mama yangu. Hana budi kuamini mihuri. Aliyeweza kumuuliza ni mimi, nami nilikwisha kupewa jibu.

Mwaka 2013, kwa kuanzia Mbeya, RITA ilianzisha mpango wa kuwapa watoto wa chini ya miaka mitano vyeti vya kuzaliwa bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Baadaye mpango huo ukafika na Mara. Nilipokwenda nyumbani likizo, mama alinitolea cheti cha mjukuu wake, akaniomba nimsomee. Nikasoma jina, tarehe, mahali, jina la mama na la baba.

"Tarehe ni yake mwenyewe?" akauliza.

"Ni yake, mama."

Akakikunja taratibu, akakitia ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, mchwa wasikifikie.