Jogoo wa elfu themanini

Mwika, Kilimanjaro
5 Oktoba

Mwanangu,

Huku mvua za vuli bado, na goti langu liko vilevile. Nakuandikia barua badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu unanijibu "sawa shangazi" kabla sijamaliza sentensi.

Tarehe 14 Januari mwaka huu nilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ulikutaja kwa majina yako matatu, ukasema wewe ni mdaiwa sugu, na kwamba mimi kama ndugu yako nikuhimize ulipe kabla hawajachukua hatua. Nilidhani ni matapeli. Kesho yake dada yako wa Tabata akaupata uleule, na jioni mwalimu wako wa Kipaimara, mzee wa watu, akaja hadi mlangoni na simu mkononi kuniuliza kama uko salama. Nikamwambia uko salama. Sikukuuliza wakati ule kwa sababu mtu aliyevuliwa nguo hadharani haulizwi nguo zilikuwa za rangi gani. Nimengoja miezi tisa. Sasa ni Oktoba, bado kuna muda kabla ya Krismasi, tuzungumze.

Ulikuja na gari Krismasi iliyopita. Ulisema ni la rafiki yako, na mimi nikakaa kimya, ila mkeo aliniambia jikoni, na usimgombeze. Lilikuwa la kukodi, elfu themanini kwa siku, siku nane. Nikakaa na binti yako mkubwa, yule anayependa hesabu, tukaandika nyuma ya kalenda ya kanisa: gari laki sita na arobaini, mafuta laki tatu na thelathini, mbuzi uliyemnunua tarehe 23 laki mbili na nusu, vinywaji vya wazee laki mbili. Halafu jogoo.

Nimesema jogoo. Jumapili ile baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, alipotolewa yule jogoo mwekundu, ukaanza kushindana na kijana wa akina Mosha aliyetoka Mwanza. Elfu kumi na tano, elfu thelathini, hamsini. Mnadishaji alikuwa anacheka, anawajua watoto wa mjini wa Desemba. Ukamaliza kwa elfu themanini na watu wakapiga makofi. Mchango ni mchango na Mungu ameupokea, sipingi. Lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, nikaona ulivyofungua pochi na ulivyoifunga.

Jumla ikawa milioni moja na nusu. Binti yako alipiga mstari chini mara mbili, kama anavyofundishwa shuleni.

Sasa nikueleze jambo la babu yako, maana ulikuwa mdogo alipofariki na unamjua zaidi kwa picha. Babu yako alikuwa na makopo matatu ya mafuta ya Kimbo juu ya kabati. Kahawa tulikuwa tunavuna kuanzia Julai hadi karibu na Krismasi, tunaimenya kwa mashine ya mkono, tunaianika, tunaipeleka chama cha ushirika, na fedha yake haikuja kwa pamoja. Yalikuja malipo ya awali siku ya kupima, baadaye malipo ya pili, na mwisho kabisa mabaki, baada ya kahawa kuuzwa mnadani Moshi. Kopo la kwanza lilikuwa la madeni ya dukani na dawa za mibuni. La pili la shule. La tatu ndilo la sikukuu, na hilo alikuwa analitilia kidogo sana, hadi mama anamnunia.

Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapanda dunia nzima. Kufikia 1977, hata serikali ilipokwisha kuchukua yake, kilichotufikia kilikuwa kingi kuliko tulivyozoea. Nilikuwa msichana wa miaka 22, nakumbuka kijiji kilivyobadilika: bati jipya hapa, redio ya kaseti pale, Krismasi watu wanachinja ng'ombe nyumba moja moja. Baba akachinja mbuzi mmoja, kama kila mwaka. Nilimchukia. Niliona tunaaibika. Aliniambia anapima sikukuu kwa mwaka mbaya, ili mwaka mbaya ukija watoto wasijue kama umekuja.

Nao ukaja. Mwaka 1989 makubaliano ya nchi zinazouza na kununua kahawa duniani yalivunjika, bei ikaporomoka. Waliokuwa wanachinja ng'ombe wakaanza kuwakwepa wageni. Kwetu alichinjwa mbuzi mmoja. Wewe ulikuwa mtoto, ulikula nyama ukashiba, hukujua lolote. Hiyo ndiyo Krismasi unayonisimulia kila mara kwamba ilikuwa nzuri kuliko zote.

Kwa hiyo ninapokwambia upunguze, usidhani nakwambia uje mikono mitupu kama mwizi. Nakwambia uchague kipimo ambacho hata mwaka wa kupunguzwa kazi utakiweza, ubaki nacho hapo hapo, hata ukipata bonasi.

Halafu kuna huu mshahara wa Desemba, ambao sisi tusioajiriwa huwa hatuuelewi. Nyinyi mnalipwa mapema ili mle sikukuu, tarehe 20 hivi. Unaofuata ni mwisho wa Januari. Hesabu kwa vidole: ni siku 42. Mwezi wa siku 42, mwanangu, na ndani yake shule zinafunguliwa. Ada ya shule ya serikali imefutwa, lakini sare haijafutwa, viatu havijafutwa, daftari na michango ipo, na yule mdogo mmempeleka shule ya kulipia. Januari watu wanaiita mwezi dume, wanailaumu bure. Imeibiwa na Desemba, nayo haina mtetezi.

Fanya hivi: mshahara huo ukiingia, kabla hujamwambia mtu yeyote, lipa kodi ya nyumba ya Januari, nunua sare na viatu, weka nauli za kwendea kazini mwezi mzima kwenye laini ya mkeo. Kinachobaki ndicho cha Krismasi. Kikiwa kidogo, ndicho hicho. Na kikoba chenu kikivunja mwezi wa kumi na mbili, ule mgao si zawadi. Ni fedha yako mwenyewe uliyokuwa unanunulia hisa kila wiki, imerudi nyumbani imechoka. Iache ipumzike.

Gari sahau. Watu wanne kwa basi la kawaida, kwenda na kurudi, haifiki laki nne. Kata tiketi Novemba. Ukingoja tarehe 21 pale stendi ya Magufuli utakutana na walanguzi, na hata kama mamlaka ya usafiri, LATRA, imeweka kikomo cha nauli, mtu mwenye watoto wawili na mabegi saa kumi na moja alfajiri hana ubavu wa kubishana. Mjomba wako alipanda treni iliporudi Moshi mwaka 2019 na mpaka leo anaisimulia kama safari ya Ulaya. Hakuna aliyemuuliza gari lake liko wapi.

Kuhusu mkopo wa simu uliozaa ule ujumbe wa Januari nitasema kidogo, maana kidonda unacho. Uliomba laki tatu, wakakata kabla hujazishika, ikakufikia laki mbili na arobaini, na baada ya wiki mbili wakakudai laki tatu na tisini. Kausha damu kamili. Benki Kuu mwaka 2024 ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha zisizo na kibali. Dada yako alinisomea. Kama ile yako imo au haimo sijali, ifute. Ukikwama, niambie mimi. Afadhali nijue kutoka kwako kuliko kutoka kwa namba isiyo na jina.

Mwaka huu mbuzi nimeshampata. Nilimnunua Juni akiwa mdogo, namlisha majani ya migomba, Desemba atatosha ndafu na supu ya kisusio. Ndugu zako watatu na wewe mtachangia elfu arobaini kila mmoja, mnitumie kabla ya Novemba kwisha, na ya kutolea msisahau. Mbege tutapika wenyewe, ndizi zipo, nitanunua ulezi. Baba yako mkubwa atauliza bia. Nitamjibu mimi, nimemzoea tangu 1960.

Watoto wasinunuliwe nguo mpya za Krismasi na sare mpya wiki mbili baadaye. Chagua moja. Wa kwangu waliimba kwaya ya Krismasi wamevaa sare za shule, mpya kabisa, zimenyooshwa.

Na mkeo muulize anataka nini. Mwaka jana alikuwa anaosha sufuria hadi saa sita usiku, hakuna aliyemuuliza.

Jogoo wako yupo. Ulisahau kumchinja katika haraka ya kurudisha gari, nami sikuwa na moyo. Anawika saa kumi usiku, na kila akiwika nasikia elfu themanini. Lakini ametia baraka bandani: vifaranga kumi na mmoja, watatu mwewe kachukua, watano nimeuza, fedha nimeweka kwenye kibubu cha binti yako kwa ajili ya daftari. Watatu wamebaki. Jogoo mwenyewe nimchinje tarehe 26 Desemba au nimwache? Nijibu kabla ya Jumapili, na usiandike "sawa shangazi."

Shangazi yako