JINO LA PAPA LILILOGEUKA JIWE

Bila shaka umewahi kuona papa mkavu sokoni. Leo tutasafiri mbali kutafuta meno ya papa. Lakini huyu si papa wa sokoni. Ni papa aliyekufa zamani sana, na meno yake yamegeuka jiwe.

Safari yetu ni ya Marekani, katika jimbo la Maryland. Huko kuna wilaya iitwayo Calvert. Kutoka Washington, mji mkuu wa nchi hiyo, ni mwendo wa gari kama saa moja na nusu. Wilaya hiyo iko kando ya ghuba ya Chesapeake. Ghuba ni sehemu ya bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu.

Katika wilaya hiyo kuna hifadhi ya serikali. Wageni huacha magari yao mbali na pwani. Kisha hutembea kwa miguu karibu kilomita 3. Njia inapita msituni na kando ya kinamasi. Mwishowe miti inakwisha, na mtu anaona maji mbele yake. Pembeni anaona kuta ndefu za udongo, zimesimama wima.

KUTA ZENYE HABARI ZA KALE

Kuta hizo zinafuata pwani kwa zaidi ya kilomita 35. Mahali pengine zina kimo cha zaidi ya mita 30. Hazikujengwa na mtu. Ni matope na mchanga wa bahari ya kale.

Wataalamu wanasema kwamba kati ya miaka milioni 20 na milioni 10 iliyopita, mahali hapo palikuwa bahari. Maji yake yalikuwa ya vuguvugu. Waliishi nyangumi, kasa, taa na papa wa aina nyingi. Walipokufa, walizama chini na kufunikwa na matope. Baadaye bahari ilirudi nyuma, na matope yakawa nchi kavu.

Mkubwa wa papa hao aliitwa megalodoni. Wataalamu wengi wanakadiria kuwa urefu wake ulifika mita 15 au zaidi. Basi la abiria lina urefu wa mita 12 hivi. Basi papa huyo alilizidi basi! Chakula chake kimoja kilikuwa nyangumi. Megalodoni hayupo tena duniani. Alikwisha kabisa kiasi cha miaka milioni 3 na nusu iliyopita.

KWA NINI MENO?

Labda utauliza, kwa nini watu wanaokota meno na siyo mifupa ya papa huyo? Shika sikio lako, ulikunje. Ni gumu kidogo, lakini linakunjika. Hilo ni gegedu. Mwili wa papa umejengwa kwa gegedu, na gegedu huoza upesi. Jino ni gumu, halioza upesi.

Tena, papa hang'oki meno mara moja tu kama mtoto wa binadamu. Meno yake huanguka na mengine huota maisha yake yote. Papa mmoja huweza kuangusha maelfu ya meno. Ndiyo sababu meno ni mengi.

Jino likizikwa katika matope, madini ya ardhini huliingia polepole. Mwisho linakuwa kama jiwe. Kitu kama hicho huitwa kisukuku. Jino la papa wa leo ni jeupe. Jino la kale huwa la kijivu, kahawia au jeusi, kufuatana na madini yaliyoliingia.

Jino kubwa la megalodoni hujaa kiganja cha mtu mzima. Yale makubwa kabisa yana urefu wa karibu sentimita 18. Kingo zake zina vijino vidogo vidogo kama msumeno.

WATU WA KALE WALIDHANI NINI?

Zamani watu wa Ulaya waliyaona mawe haya wasijue ni kitu gani. Wengine walisema ni ndimi za nyoka zilizogeuka jiwe. Waliyavaa wakiamini yanazuia sumu.

Mwaka 1666 wavuvi walivua papa mkubwa karibu na mji wa Livorno, Italia. Kichwa chake kilipelekwa kwa mtaalamu mmoja kutoka Denmark, Nicolaus Steno. Yeye aliyatazama meno ya papa yule kwa makini. Akaona yanafanana na yale mawe. Akaandika kwamba mawe yale ni meno ya papa wa zamani. Kwa hiyo jino lililookotwa mbali na pwani linatuambia jambo moja: hapa palikuwa bahari.

NAMNA YA KUOKOTA

Sasa turudi Calvert. Waokotaji wazuri hufika asubuhi mapema, maji yanapokupwa. Wengine huja baada ya dhoruba, kwa kuwa mawimbi yameleta vitu vipya. Hutembea polepole mahali maji yanapogusa mchanga. Wengine hutumia chekeche. Huchota mchanga na makombe, wakautikisa ndani ya maji, kisha wakatazama kilichobaki.

Meno mengi wanayopata ni madogo kama ukucha wa mtu. Jino kubwa ni bahati. Mtu anaweza kutafuta miaka mingi asilipate. Lakini siku ya Krismasi ya mwaka 2022, mtoto mmoja aliyekuwa akitembea katika maji ya pwani hiyo aliona jino la megalodoni. Urefu wake ulikuwa karibu sentimita 13. Mtoto huyo hakuchimba. Aliliona tu, akaliokota.

TAMAA MBELE, MAUTI NYUMA

Kwa nini mtu asichimbe? Jino kubwa zuri huuzwa kwa fedha nyingi. Mtu mwenye tamaa akiliona limejitokeza ukutani, hutaka kulichimbua. Hapo ndipo penye hatari.

Kuta za Calvert hazina nguvu. Mawimbi hula chini. Maji ya mvua huingia juu. Wakati wa baridi maji hayo huganda na kuupasua udongo. Kisha siku moja, bila kutoa sauti ya kuonya, ukuta huporomoka. Tani nyingi za udongo huanguka pwani. Aliye chini hana pa kukimbilia. Kwa sababu hiyo hifadhi imekataza watu kuchimba kuta hizo na kupita chini yake. Wanaruhusiwa kuokota meno yaliyo pwani tu.

Juu ya kuta kuna watu wenye nyumba. Kila udongo unapoporomoka, uwanja wao unapungua. Kwa mwokotaji ni mavuno, kwa mwenye nyumba ni hasara. Wengine wangependa kuzuia mawimbi kwa mawe. Lakini katika udongo huo mtupu huishi mdudu wa aina ya mbawakawa ambaye ni adimu. Mabuu yake hukaa katika mashimo ya kuta. Ukuta usipoporomoka, majani huota na mdudu hukosa makao. Sheria inamlinda. Basi jambo hilo si rahisi kuamua.

NA HAPA KWETU JE?

Nasi tuna visukuku. Tendaguru, mkoani Lindi, wataalamu wa Kijerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa sana kuanzia mwaka 1909 hadi 1913. Wananchi waliichimba na kuibeba kwa miguu hadi pwani. Mifupa hiyo iko Berlin mpaka leo. Huko Tendaguru pia yalipatikana meno ya samaki wa jamii ya papa na taa.

Kwa hiyo ukilima au ukichimba kisima ukaona jino au mfupa uliogeuka jiwe, usiuvunje. Usiuuze. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo. Uache mahali ulipo, upaweke alama, kisha umwarifu mwenyekiti wa kijiji. Yeye atapeleka habari kwa wanaohusika.

Mfupa ukiondolewa mahali pake, sehemu ya habari zake hupotea. Jiwe unalolipiga teke shambani huenda lina habari ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisoma. Wewe sasa unajua kusoma. Basi tazama vizuri kabla ya kulitupa.