Kumtafutia Kilebu Makao

Kutoa ni wema, lakini kutoa bila ya kuuliza ni kujitua mzigo. Somo hili sikulipata kitabuni; nilifunzwa na mbwa wangu jike, katika mji wa Mpanda.

Mwaka mmoja alizaa vilebu sita. Nyumba yangu ilikuwa ndogo na kilio chao usiku kilikuwa kikubwa. Walipotimiza majuma matano tu, nilianza kuwagawa kama mtu agawaye maboga ya msimu: aliyepita akasifu, alipewa. Mmoja nilimpa kijana aliyekuwa akielekea Sitalike, penye lango la hifadhi. Sikumwuliza neno. Nilifurahi kuwa mdomo mmoja umepungua.

Mwaka haukwisha, ikaja habari kuwa mbwa yule amemwuma mtoto. Hakuwa amechanjwa, hakuwa na mlishaji wala mahali pa kulala. Watu walikuwa wamekwisha kumwua, hata isijulikane kama alikuwa na kichaa au njaa. Mtoto alioshwa jeraha kwa maji na sabuni, akaletwa mjini kuchomwa sindano, akarudishwa tena na tena mpaka zilipotimia. Nilikaa na baba yake nje ya mlango. Hakunitukana. Alisema tu, "Ndugu yangu, mbwa alikuwa mzuri. Hakupata mtu."

Mtoto alisalimika. Kidonda cha maneno yale ni changu mpaka leo.

Kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili katika mwanadamu, ni nadra sana mtu kupona. Na visa vipatavyo 99 katika kila 100 hutokana na mbwa. Lakini mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, maradhi hayo hukosa njia ya kupita. Wala hatari si yetu peke yetu. Mwaka 1994, maradhi mengine ya mbwa yaliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliwashuku mbwa wa vijijini. Sisi tunaopakana na Hifadhi ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, tumpapo mtu kilebu, twampa na jirani zake, na simba walio nyuma ya jirani zake.

Basi sasa kilebu hatoki kwangu kabla ya majuma manane, na kila mwombaji namwuliza mambo matatu. Nani atamlisha siku ambayo wewe hupo? Atalala wapi? Utampeleka lini kuchanjwa? Wengine hucheka wakaenda zao, nami huwashukuru kwa kwenda. Nimeona mchungaji wa ng'ombe akijibu vizuri kuliko tajiri mwenye mnyororo mpya.

Mama mmoja mjane alinijibu hivi: "Baba, chakula chetu ni ugali na dagaa, naye atakula hicho hicho. Atalala mlangoni petu. Hiyo chanjo sijui hata huulizwa wapi."

Nilitambua kuwa swali langu la tatu lilikuwa deni langu mwenyewe. Kilebu alipofikia umri, tulikwenda pamoja kwa daktari wa mifugo, yeye amembeba, mimi nikiongoza njia. Nikamwambia, "Akikushinda, mrudishe kwangu, usimtupe sokoni."

Hajamrudisha. Nipitapo mlangoni pake, mbwa yule hunibwekea kama mgeni, nami hufurahi: amepata mtu.