Filamu Iliyoishia Januari 1970

Ukitaka kujua Led Zeppelin waliishaje, usiangalie Becoming Led Zeppelin. Filamu hii ya makala, iliyoongozwa na Bernard MacMahon na kuingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2025, inatumia saa mbili kukufikisha tarehe 9 Januari 1970, siku Jimmy Page alipotimiza miaka 26 na bendi yake ikapiga Royal Albert Hall, London. Basi, imeisha. "Stairway to Heaven" bado haijatoka. Zile hadithi za vurugu hotelini na dawa za kulevya hazimo. John Bonham, mpiga dramu, ana miaka 21, na amebakiza kumi na kidogo. Wewe mtazamaji unajua. Yeye hajui.

Wanaozungumza ni wao wanne tu. Hakuna mhakiki wa kukuambia kwa nini walikuwa wakubwa, hakuna mke wala mtoto wa kusema baba alikuwaje nyumbani. Page, Robert Plant na John Paul Jones, sasa wazee wenye mvi, wanakaa kila mmoja peke yake mbele ya kamera. Bonham alifariki Septemba 1980, kwa hiyo yeye anasikika tu, kwa sauti ya mahojiano ya zamani ambayo kanda yake ilipatikana hifadhini Australia. Na nyimbo zinapigwa mpaka mwisho. Hilo peke yake lilinifanya nisamehe mengi, maana nimechoka na filamu za muziki ambazo hazikuachii hata ubeti mmoja ukamilike kabla mtu hajaingilia kati kuanza kueleza.

Niliitazama Magomeni, nyumbani kwa mjomba wangu, nimeunganisha kompyuta na televisheni yake. Mjomba alipiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi za Dar es Salaam kwa miaka karibu ishirini. Led Zeppelin hakuwajua. Roki kwake ni makelele, na filamu ilipofika mahali wanapopiga kwenye televisheni ya Ufaransa mwaka 1969, huku watoto miongoni mwa watazamaji wameziba masikio kwa vidole, alicheka mpaka akakohoa. "Hao watoto wana akili," akasema.

Lakini alinyamaza Jones alipoanza kueleza kazi yake ya awali. Watu wengi hudhani bendi kubwa huanza na vijana wanne wa mtaa mmoja wenye ndoto moja. Hawa hawakuwa hivyo. Jones alikuwa anapiga kinanda kanisani akiwa na miaka 14. Kabla ya kutimiza 22 alishakuwa mpangaji wa muziki wa kukodiwa, anaandikia wengine sehemu za vinanda na vyombo vya upepo, analipwa, anakwenda studio nyingine. Page naye alikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa. Wote wawili walikuwepo studioni Shirley Bassey aliporekodi "Goldfinger" mwaka 1964, vijana wasiojulikana ndani ya kundi kubwa la wapigaji. Hao walikuwa vibarua wa muziki, wanaosoma nota, wanaofika kwa saa. Plant na Bonham walitoka kwingine kabisa, kule katikati ya Uingereza, bila jina wala hela. Agosti 1968 wanne hawa wakaingia chumba cha chini ya ardhi Gerrard Street, London, wakapiga pamoja kwa mara ya kwanza. Kila mmoja anakisimulia chumba kile kwa namna yake, na wote watatu wanakuwa vijana tena usoni.

"Huyu wa besi ndiye bendi," mjomba akasema. "Hao wengine wanaonekana tu." Nikamwambia wapiga besi wote husema hivyo. Hakubisha.

Santuri yao ya kwanza waliirekodi Olympic Studios kwa saa zipatazo 36 za studio, na Page ndiye aliyelipia, kabla kampuni yoyote haijawasaini. Kwa njia hiyo walikwenda Atlantic Records na kazi iliyokamilika mkononi, na hakuna aliyeweza kuwaambia wabadilishe kitu. Mjomba alitaka nirudishe nyuma asikie tena. Bendi yake ilirekodi kwenye studio ya redio, asubuhi moja nyimbo tano au sita, wote kwa pamoja, akikosea mmoja mnaanza upya. Kanda ilibaki kule. Wao waliondoka na nauli.

Sasa niseme kilichonikera. Filamu inaonyesha wazi jinsi vijana hawa wa Kiingereza walivyoupenda muziki wa Wamarekani weusi. Lakini haituambii nini kilitokea upande wa majina. Kwenye santuri ya kwanza walimwandika Willie Dixon, mtunzi kutoka Mississippi aliyehamia Chicago, kwa nyimbo mbili, na hapo walifanya sawasawa. Kwenye ya pili, iliyotoka Oktoba 1969, kuna "Whole Lotta Love", wimbo uliowafanya wakubwa, na jina lake halikuwepo, ingawa maneno mengi yanatokana na wimbo alioutunga yeye na Muddy Waters akaurekodi mwaka 1962. Binti yake Dixon ndiye aliyeyatambua maneno ya baba yake. Dixon alishtaki mwaka 1985. Mwaka 1987 wakamalizana nje ya mahakama. "The Lemon Song" ilichota kwa Howlin' Wolf, na kampuni iliyomiliki wimbo ule ikadai, ikalipwa. "Dazed and Confused" ilikuwa wimbo wa Jake Holmes, aliyeuimba New York mwaka 1967 kwenye onyesho ambalo Page naye alikuwepo na bendi yake ya wakati huo, The Yardbirds. Holmes alikwenda mahakamani mwaka 2010. Anne Bredon alitunga "Babe I'm Gonna Leave You" alipokuwa mwanafunzi, miaka ya mwisho ya 1950. Santuri ya kwanza iliuita wimbo wa jadi, usio na mwenyewe. Jina lake liliwekwa mwaka 1990 hivi.

Madai yote hayo yalikuja baada ya Januari 1970. Kwa hiyo filamu haikulazimika kusema uongo wowote. Ilihitaji tu kusimama mapema.

Simwiti MacMahon mjinga wa mambo haya. Kabla ya hii alitengeneza American Epic, mfululizo kuhusu wanamuziki wa vijijini Marekani waliorekodiwa miaka ya 1920, watu ambao wengi wao walisahauliwa huku sauti zao zikiendelea kuuzwa. Anajua. Nahisi hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kuwakalisha wazee wale watatu kwenye kiti: mtasimulia ninyi, na mtasimulia utamu. Na mimi nimeula huo utamu, nimerudia sehemu ya Albert Hall mara tatu. Ila sikuweza kuutazama kama mtu asiye na lake.

Kuna wimbo mmoja wa dansi wa mwaka 1981 ambao ukienda harusini, watu wakishashiba, lazima upigwe. Sitautaja, kwa sababu familia ya aliyeuimba ipo na haijanikosea chochote. Umeitwa kwa jina la mwanamke. Jina hilo ni la bibi yangu, mama yake mjomba, na ni langu pia, maana nimerithi. Wimbo unamsema mwanamke anayetoka usiku wa manane na taa ya chemli, asiyeaga, anayerudi alfajiri amechoka na hasemi alikuwa wapi. Mwimbaji anamlilia abaki. Taifa zima linajua ni wimbo wa wivu. Mwimbaji mwenyewe, Mungu amrehemu, aliwahi kuulizwa kwenye kipindi cha redio huyo mwanamke ni nani, akacheka, akasema ni binti mmoja wa Ilala aliyemtesa sana ujanani.

Bibi yangu alikuwa mkunga. Alikuwa anaitwa usiku, anachukua taa, anakwenda. Mjomba alikuwa mtoto wa miaka sita au saba, analala mlangoni ili akitoka amgonge na aamke. Anayelia kwenye wimbo ule ni yeye. Aliutunga kwa gitaa kavu, akamfundisha mwimbaji, na siku ya kurekodi aliyejaza fomu akaandika jina la mwimbaji kwa sababu ndiye aliyesimama mbele. Hakuna aliyefanya njama. Ilikuwa fomu tu.

Ukimwuliza mjomba kuhusu hela atakwambia hakukuwa na hela. Ni kweli kwa wakati ule. Lakini kinachoniuma mimi si hela. Bibi aliyezalisha nusu ya mtaa anachezewa kila Jumamosi kama hawara wa mtu, na ninaposikia jina langu ukumbini watu wananigeukia wakinikonyeza.

Kwa hiyo filamu ilipoisha nilimsimulia habari za Dixon, ambazo haikuzisema. Nikamwambia mzee yule alishtaki akiwa na miaka 70, wewe una 72, hujachelewa. Nikamwambia COSOTA wapo, kazi zinasajiliwa, na mimi nitashika foleni. Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza kila mtu.

"Mama," akaniita, maana huniita hivyo kwa ajili ya jina, "huyo Dixon, aliowashtaki walikuwa hai?"

Nikasema walikuwa hai.

"Walikuwa na mawakili?"

Nikasema na hela za kuwalipa.

"Sasa mimi nikimshtaki marehemu, atanijibu nani?"

Bendi yao ina picha moja, ukutani kwake, wanaume tisa wamevaa suruali za bugaluu. Aliyebaki ni yeye. Anaweza kusema lolote kuhusu wale wanane na hakuna wa kumwambia hapana, si hivyo, ile nota niliileta mimi. Mimi niliona hiyo ni nafasi. Yeye anaiona ni sababu ya kunyamaza. Page akizidisha chumvi, Jones yupo, Plant yupo, watabishana. "Mimi nikizidisha," akasema, "itakuwa ndiyo historia." Sikuwa na jibu, na bado sina. Nadhani amekosea, lakini amekosea kwa namna ambayo wale wazee watatu wa kwenye filamu wangefaa kuikosea kidogo.

Jambo moja lilimgusa kuliko yote, na nililiona wakati linatokea. Kuna mahali wenzake Bonham wanasikilizishwa ile sauti yake. Anaongea taratibu, kijana mwenye aibu kidogo, anawasifu. Wao wanasikiliza, mmoja mmoja, na nyuso zinalainika. Mjomba aliniomba nirudie hapo. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: ile kanda nani aliiandika jina juu? Maana kanda isiyoandikwa hutupwa. Nikasema kule iliwekwa hifadhini, kuna watu kazi yao ni hiyo.

Wiki mbili baadaye akanipigia niende. Mezani kulikuwa na kopo la biskuti, ndani yake kaseti moja, utepe umeota ukungu mweupe kwenye kingo. Ni ya mazoezi, akasema, wameketi uani kwa kiongozi wa bendi. Wote tisa wanasikika, wanataniana, mtu anaagiza sigara. Humo pia kuna yeye akiuimba ule wimbo peke yake kwa gitaa, mwimbaji akimfuatisha, akikosea jina la bibi, akisahihishwa.

Mikono yangu ilikuwa ya kwanza kufika kwenye kopo. Akaniwekea kiganja juu.

"Ukishaisikia utafanya nini?"

"Nitaipeleka."

"Kwanza tuiandike."

Ilikuwa haijaandikwa kitu. Fundi mmoja wa redio Kariakoo ameniambia tusiipige kabisa kwanza, utepe utakatika, kuna namna ya kuukausha na kuusafisha polepole, na hata hivyo hatoi ahadi. Kwa hiyo siku ile hatukusikia chochote. Nilichukua kipande cha karatasi, mjomba akaitazama picha ya ukutani akanitajia kutoka kushoto kwenda kulia, kila mtu na chombo chake: solo, rizimu, tumba, tarumbeta, dramu. Alikumbuka na majina ya utani, akataka nayo yaandikwe. Alipomfikia mwimbaji akataja jina lake lote, la baba na la babu, kisha akasema, "Mwimbaji." La kwake likaja mwisho. Besi.

Chini nikaandika jina la wimbo, na pembeni yake neno mtunzi, na nukta mbili. Nikamtazama.

Alikaa kimya kwa muda. Barabarani muuza kahawa alikuwa anapita akigonga vikombe vyake.

"Hapo acha nafasi," akasema. "Lakini acha kubwa."